Mnatunywesha Mvinyo wa Kuazima

Nianze bila kuzunguka mbuyu. Sisi vijana tunaojiita waandishi chipukizi tumelewa mvinyo ambao hatujawahi kuuonja. Na ulevi huo ni mbaya kuliko wa kilabuni, kwa sababu mlevi wa kilabuni asubuhi kichwa kinamgonga na anajua kulikoni, lakini sisi tunaamka wazima, tunachukua kalamu na kuendelea pale pale tulipoishia.

Mnataka ushahidi? Chukueni miswada ya hadithi za mapenzi inayozunguka mikononi mwetu, ile ya kwenye kaunta buku na hii ya siku hizi inayorushwa kwa simu. Mtakutana na meza moja ile ile. Imetandikwa kitambaa cha miraba myekundu na myeupe. Juu yake kuna mshumaa. Dirishani jua linazama juu ya mashamba ya mizabibu. Kijiji kiko Ufaransa lakini hakina jina. Mwanamume anaitwa Eddy, mwanamke anaitwa Linda, na wote wawili eti ni watoto wa Kitanzania, ila nauli walipata wapi hatuambiwi. Mhudumu anainama, anamimina. Linda anaizungusha glasi, ananusa, anafumba macho. Wanaangaliana. Sura inaisha.

Mimi msomaji nimebaki na swali dogo tu la mtu mwenye njaa: walikula nini?

Hakuna jibu. Mwandishi hakusema kwa sababu hajui. Meza hiyo ameiona kwenye filamu, au kwenye kalenda iliyotundikwa saluni, akaiazima nzima nzima, kitambaa, mshumaa na machweo yake. Chakula hakikuonekana vizuri kwenye picha, kwa hiyo Linda na Eddy wakalala njaa. Na mwandishi mwenyewe ni nani? Ni mshikaji wetu huyu huyu ambaye mchana alikuwa kwenye benchi la mama ntilie karibu na stendi ya Tukuyu, mvua inapiga bati mpaka watu hawasikilizani, mbele yake sahani ya ndizi za kupika kwa nyama, kipande cha parachichi kimewekwa pembeni bila hata kuombwa. Alikula huku jasho linamtoka puani. Akafuta mdomo, akaenda nyumbani, akaandika Ufaransa.

Kabla sijapigwa mawe niseme wazi kwamba sina ugomvi na Ufaransa. Ugomvi wangu ni kwamba hata hiyo Ufaransa yenyewe hamuiandiki.

Mgahawa mdogo wa kijijini kule, ambao wenyewe huuita bistro, kwa asili si mahali pa fahari. Ni mahali pa kula mchana fundi bomba, mwenye duka, dereva wa lori na mkulima wa zabibu mwenye matope kwenye viatu. Chakula cha siku huandikwa ubaoni kwa chaki, kwa sababu kesho kitabadilika kufuatana na kilichopatikana sokoni. Mvinyo wa nyumba huletwa kwenye jagi. Na vile vyakula vilivyowapa sifa duniani, asili yake ni uhaba na akili ya mpishi. Coq au vin ni jogoo. Tena jogoo mzee, aliyekwisha maliza kazi yake kwenye banda, nyama ngumu kama soli, ndiyo maana anachemshwa taratibu ndani ya mvinyo mpaka akubali. Boeuf bourguignon ya watu wa Burgundy ni habari hiyo hiyo kwa upande wa ng'ombe: nyama ngumu, mvinyo mwekundu, vitunguu, uyoga, na saa kadhaa jikoni. Halafu konokono! Wanaliwa na siagi na vitunguu saumu, na watu wanalipa hela nzuri. Konokono jamani, yule yule ambaye mvua ikinyesha sisi tunamtoa kwenye bustani ya mboga kwa kijiti.

Sasa mwandishi wetu anaona fahari kumlisha Linda konokono, lakini ukimwambia aandike supu ya makongoro anashika pua. Makongoro si ndiyo coq au vin yetu? Kwato za ng'ombe ambazo tajiri hakuzitaka, zikachemshwa usiku kucha, asubuhi madereva wa lori wanazipigania. Kinachotofautiana ni kwamba Mfaransa hakumwonea haya jogoo wake mzee.

Hakulionea haya hata jina la kijiji chake. Mwaka 1935 Wafaransa waliweka mfumo wa sheria wa kulinda majina ya mvinyo kwa mahali unakotoka, na ndiyo sababu huwezi kuuita Champagne mvinyo ambao haukutoka Champagne. Kilima hiki kina jina lake, kilima cha jirani kina jingine na bei nyingine. Watu wenye wivu wa jina la mahali kiasi hicho, nawe unawapa kijiji kisicho na jina! Na ukirudi huku unatenda vile vile. Unaandika "katika mji mmoja mdogo wa nyanda za juu kusini". Mji gani? Tukuyu haina meno, haitakung'ata ukiitaja.

Labda ni ugonjwa wa kurithi. Wajerumani walipoweka boma lao hapa mji waliuita Neu Langenburg, wakapanda jina la kwao juu ya kilima cha watu. Lakini wale walikuwa wakoloni na nia yao ilijulikana. Wewe umetumwa na nani?

Twende basi kwenye meza yetu, tuone kama kweli haina kitu.

Rungwe ni wilaya ya mvua. Sehemu nyingi zinapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wake ni wa volkano, na mlima wenyewe uliomwaga majivu hayo umesimama pale juu, karibu mita 3,000, ukungu ukiondoka. Hapo hapo unapata ndizi, chai, kahawa, viazi mviringo, maziwa na maparachichi. Panda kosta uteremke kuelekea Kyela, baridi inakuachia shingo, na unakutana na mchele, kakao, mbasa na dagaa wa Ziwa Nyasa. Yaani sahani moja ya Tukuyu inaweza kubeba hali za hewa mbili. Wafaransa wana neno lao, terroir, kwa ladha ambayo mahali hukiachia kinywaji au chakula, na wameandika maktaba nzima juu ya neno hilo. Sisi tumeandika nini?

Mama ntilie wa Tukuyu anaamka saa kumi za alfajiri. Kuni zimelowa, na moto wa kuni mbichi una tabia zake: unalia, unatoa povu kwenye ncha, unamtia machozi mtu asiye na huzuni. Anamenya ndizi na utomvu unamganda vidoleni, labda awe amepaka mafuta kwanza. Anajua ndizi ipi inataka maziwa na ipi inataka nyama, ipi ukiifunika sana inakuwa uji. Wanyakyusa wana mbalaga, na mbalaga si neno unaloweza kulitafsiri "ndizi" halafu ukalala usingizi. Kufika saa mbili asubuhi ana wateja wa aina tatu, ambao mwandishi mwenye macho angewatambua kwa namna wanavyokaa tu. Wa safari anakula huku anatazama gari. Mpiga debe anakula wima. Na karani anachagua kiti cha ndani kabisa, ili anaowadai wamwone ila anaowadaiwa wasimwone. Nimekosea? Nendeni mkatazame.

Halafu kuna daftari. Ningekuwa na uwezo wa kuiba kitu kimoja kwa ajili ya fasihi ningeiba daftari la madeni la mama ntilie. Nani anakula kwa mkopo tangu mwezi uliopita, nani kalipiwa na nani na kwa nini, jina gani limekatwa kwa hasira mpaka karatasi ikachanika. Humo mna riwaya, bwana. Mshumaa wa Linda hauna hata robo yake.

Lakini aibu hii haiko kwa waandishi peke yao, na hapa naomba nitoke kidogo nje ya fasihi. Niliingia siku moja katika hoteli fulani ya wilayani humu, sitaitaja. Dirishani mashamba ya chai yametanda mpaka macho yanachoka. Nikaagiza chai. Nikaletewa maji ya moto na kipakiti chenye uzi, kimeandikwa jina la kampuni ya nje. Nikaagiza kahawa, likaja kopo la unga. Kwenye orodha ya vyakula: chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku. Nikauliza ndizi. Dada mhudumu akacheka kwa upole akaniambia, "Kaka, hizo si utakula nyumbani?"

Jibu lile lilinikaa. Cha nyumbani kiliwe nyumbani, gizani, pasipo mgeni. Mezani kiwekwe cha watu. Chai ililetwa Rungwe na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ikaanzia Kyimbila, hatua chache tu kutoka mjini. Zaidi ya miaka 100 watu wa hapa wanachuma majani mawili na kichipukizi, wanakimbiza majani kiwandani kabla hayajaharibika, yanakatwakatwa, yanakaushwa, yanafungwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya chai ya Tanzania imepitia mnada wa Mombasa kwenda kuchanganywa na kupewa majina mengine. Kisha inawezekana kabisa kipakiti kile chenye uzi kilikuwa na jani lililotoka pale pale dirishani. Limekwenda kutafuta jina Ulaya, likarudi hapa kama mgeni wa heshima. Hadithi zenu nazo zinasafiri njia hiyo hiyo.

Wapo watakaosema huyu wa kidato cha nne anajua nini juu ya Wafaransa. Haya, twende kwa Wafaransa wenyewe, tena kwa mkubwa wao. Gustave Flaubert alitoa Madame Bovary mwaka 1857. Nimeisoma kwa Kiingereza, kamusi mkononi, na mwanzo nilichoka. Ila kuna harusi mle ndani. Ni harusi ya shambani, kule Normandy, wageni wanakuja kwa mikokoteni, meza zimepangwa ndani ya banda, kuna manyama, kuna kitoto cha nguruwe kilichochomwa, kuna pombe ya matufaa ambayo ndiyo pombe ya kwao. Si mvinyo wa fahari! Watu wanakula mpaka usiku. Flaubert hakuona haya kuandika nani alikula nini, nani alivaa koti gani, nani alilewa. Sherehe ya washamba imekaa katikati ya riwaya kubwa ya karne ya 19.

Na bibi harusi mwenyewe, Emma, ni nani? Ni msichana wa mashambani aliyesoma hadithi za mapenzi mpaka zikamwingia kichwani. Anachoka na mumewe, anachoka na mji wake mdogo. Ananunua ramani ya Paris, mji ambao hakai, anatembeza kidole juu ya karatasi, anazunguka mitaa kwa kidole. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimetuona. Huyu ndiye mwandishi wa Linda na Eddy! Yuko Tukuyu, kidole kiko Burgundy. Tofauti ni kwamba Flaubert alimwandika Emma, na sisi tunaandika kama Emma. Emma aliishia kwenye madeni na sumu. Sisi tutaishia kwenye miswada inayofanana.

Nilitaja hapo juu kwamba bistro ni mahali pa watu kukaa pamoja. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa katika urithi wa utamaduni wa dunia, na kilichoingizwa si sahani fulani, bali desturi yao ya kukusanyika, kula kwa mpangilio na kuongea juu ya wanachokula. Vizuri sana. Lakini kabla hatujapiga makofi mpaka viganja viume, tukumbuke kuwa Mnyakyusa ana neno la jambo hilo, naye hakusubiri UNESCO. Neno hilo ni ukwangala.

Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Mwaka 1951 mama huyo akatoa kitabu kuhusu vijiji vya marika, na jina lake, Good Company, ni jaribio la kulisema neno ukwangala kwa Kiingereza: kufurahiana, kula na kunywa na wenzako wa rika, kuongea kama watu sawa, kuwa na adabu ya kukaa na watu. Wavulana walipovuka umri wa kuchunga walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, rika moja. Lakini kula walikula kwa mama zao, na hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Hebu fikirini hiyo kama sura ya riwaya. Wavulana kumi wenye njaa wanaingia kwa mama mmoja ambaye mwaka huu migomba yake imeangushwa na upepo. Mwanawe yumo katikati yao, anajua jikoni hakuna kitu, na zamu ni ya mama yake. Atatembea mbele au nyuma ya wenzake? Nionyesheni mshumaa wenye uzito huo.

Na kimpumu je? Pombe ya ulezi, chungu kimoja, maji ya moto yanaongezwa, mirija imesimama, watu wazima wamekizunguka wananyonya polepole, na mazungumzo yanakwenda kwa mwendo wa mrija. Humo huwezi kunywa haraka ukaondoka. Mtu uliyegombana naye asubuhi mmeshika mirija miwili ya chungu kimoja. Linda na glasi yake anaweza kuondoka wakati wowote, kwa hiyo hakuna hadithi.

Nisije nikaeleweka kwamba nauza utalii wa kijiji. Kuna kundi jingine la waandishi wetu, nalo linanikera vile vile, ambalo kijiji kwao ni bibi mwenye mvi, moto na hekima. Hapana. Ile neema ya ukwangala ilikuwa neema ya wanaume. Wanaume walikaa na wenzao wakafurahiana kwa sababu kulikuwa na mwanamke aliyemenya, aliyepika, aliyesonga, aliyechota maji, na ambaye hakuitwa kwenye mazungumzo. Mama ntilie wa leo amelipindua jambo hilo kwa namna moja: kile alichopika bure mama yake, yeye anakiuza, na mwanamume analipa ama anaandikwa kwenye daftari. Haya ni mapinduzi makubwa kuliko mengi yaliyoimbiwa nyimbo, na yametokea kwenye benchi la mbao chini ya nailoni, nanyi mlikuwapo, mkala, mkaondoka.

Ngoja niwape tukio moja bure, mwenye kutaka alichukue. Kwa desturi ya zamani ya Kinyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mwanamke hamtazami baba wa mumewe, hatamki jina lake, akimwona njiani anajificha kwenye migomba mpaka apite. Leo mwiko huo umelegea, na wako walioutupa kabisa. Haya. Mwanamke mmoja ana mgahawa wake Kiwira, pale sokoni, penye malori ya ndizi na viazi. Meza tatu. Mumewe yuko Mbeya mjini, hela hatumi. Saa saba mchana, mvua kubwa, anaingia mzee aliyelowa chapachapa, anakaa, anakunja koti. Ni baba mkwe. Hakujua mgahawa ni wa nani, alikimbia mvua tu. Mwanamke yuko nyuma ya pazia la khanga na mwiko mkononi. Wateja wanaita. Akitoka amevunja adabu, asipotoka amepoteza biashara ya siku. Na mzee ana njaa, tena huenda hana hela. Nani atapeleka sahani? Mzee akionja atautambua mkono uliopika, kwa sababu miaka miwili alikula chakula cha huyo mwanamke nyumbani bila kumwona? Na akishiba, shukrani yake, ile "ndaga fijo", ataielekeza kwa pazia?

Hakuna bistro ya Burgundy itakayokupa tukio hilo. Yao yapo, wayaandike wao. Hili ni letu, na halijaandikwa kwa sababu wote tuko Ufaransa tunanusa glasi.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema, mbona Elvis Musiba alimtembeza Willy Gamba? Ni kweli, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974 tulikuwa tunasafiri naye na tukafurahi. Lakini Willy Gamba alikuwa mpelelezi, mipaka ilikuwa ofisi yake, akiingia hotelini ameingia kazini na mtu anaweza kumpiga risasi. Linda ana kazi gani kule? Upande wa pili yupo Euphrase Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 aliianzia Namagondo, Ukerewe, kijijini kwao kabisa, na ikatikisa nchi mpaka ikazuiwa mashuleni. Hakuna shule iliyowahi kupata sababu ya kumzuia Linda. Hamsumbui mtu.

Na kama mhusika wako lazima afike kwenye mizabibu ya Ufaransa, sawa, mpeleke, lakini mpeleke kwa mlango ambao watu wetu wanapitia. Sheria ya Champagne inataka zabibu zichumwe kwa mkono. Kwa hiyo kila Septemba wanahitajika maelfu ya mikono, na mingi inatoka mbali. Katika mavuno ya mwaka 2023 wachumaji zaidi ya 50, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, walikutwa wamelundikwa kwenye nyumba chafu wakifanyishwa kazi ya mateso. Mwaka 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia watu hatiani kwa kosa la kusafirisha binadamu. Mvinyo ule ule unaomfumbisha Linda macho! Mwandishi wa Rungwe angekuwa wa kwanza kulielewa tukio hilo, maana amekua akiona watu wenye vikapu mgongoni wakilipwa kwa kilo, mvua ikiwanyeshea, ili mtu mwingine, mbali, akae dirishani na kikombe. Chai na zabibu zinajuana. Mkono wa mchumaji wa Katumba na wa mchumaji wa Champagne ungeweza kushikana katika riwaya moja, na hiyo Ulaya ningeisoma hadi asubuhi, tochi ya simu ikinizimikia.

Hata wale ambao bila mvinyo hawaandiki, Dodoma ipo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa halipati kwa mizabibu yake. Nenda Hombolo, ukae na mkulima, umuulize bei. Nauli utaimudu.

Kilichonisukuma kuandika yote haya si chuki kwa rafiki yangu mwenye Linda. Ana kipaji, na ndiyo sababu nimekasirika. Ana sikio la mazungumzo kuliko sisi wote. Akiwa benchini anaiga sauti ya kila mtu stendi nzima tunavunjika mbavu, mpiga debe, mchungaji, askari wa barabarani, mama mwenyewe anavyodai deni kwa kuuliza hali ya watoto. Akishika kalamu sauti zote hizo zinakufa, linabaki domo la mhudumu wa Kifaransa asiyesema neno. Sasa yule mama aliyemlisha kwa mkopo wakati anaandika sura zote 14 za Linda, ameambiwa na wenye eneo ahamishe mafiga yake maana panajengwa fremu za maduka. Sijui atahamia wapi, ila daftari analo bado, na jina la rafiki yangu limo ukurasa wa tatu.

Mwenye kunipinga anijibu humu humu kwenye kurasa hizi, sina kinyongo. Ila akijibu, ataje mahali kwa jina, na aseme watu walikula nini na nani alilipa.